Tutaitunza Ngoma Yenu

Ngoma ilikuwa inalala chumbani kwangu. Naanza na hilo kwa sababu bila hilo mengine hayatakaa sawa.

Nyumba ya shangazi ina vyumba viwili na sebule. Chumba changu ndicho kilichokuwa kikavu zaidi, basi ngoma ikapewa upande wa ukutani na mimi nikapewa upande wa mlangoni. Inanifika kiunoni. Babu, yaani baba yake shangazi, aliichonga kwenye gogo moja kabla sijazaliwa. Ngozi yake ni ya ng'ombe dume mweusi, ingawa manyoya yalishaisha na sasa ina rangi kama ya chai ya maziwa. Katikati, pale mikono inapopiga, pameng'aa.

Kuitunza ilikuwa kazi yangu tangu nilipomaliza darasa la saba. Siku yenye jua nilikuwa naitoa nje, naifuta vumbi, naipaka samli kidogo. Samli ikizidi ngozi inalegea na sauti inakuwa kama ya mtu aliyetoka usingizini. Ikipungua, ngozi inakakamaa. Nilikuwa naigeuzageuza juani ili isikauke upande mmoja, kisha nairudisha ndani na kuifunika kwa kanga. Shangazi akipita mlangoni aliuliza, "Umeitunza?" Nami nilijibu kwa kichwa. Mimi si mtu wa kuongea. Shuleni mwalimu akiniuliza swali ninalolijua, nilikuwa nasimama, nameza mate, kisha nakaa. Wenzangu walishazoea. Mwalimu naye alizoea.

Neno hilo la kutunza huku kwetu lina kazi mbili. Kazi moja ni hiyo ya samli na jua. Kazi nyingine iko kwenye sherehe. Watu wakicheza ngoma vizuri, mtu anatoka kwenye kiti chake, anakuja akicheza taratibu huku ameinua noti juu ili kila mtu aione, anaibandika kwenye paji la uso la mchezaji lenye jasho, vigelegele vinapigwa. Hapo tunasema ametunza. Noti ikikaa vizuri pajini bila kuanguka, mchezaji anacheza nayo hadi mwisho wa wimbo. Sikuwahi kufikiri kwamba hayo ni mambo mawili. Mtu anatunza ng'ombe, anatunza mtoto, anatunza mcheza ngoma. Kwetu yote yalikuwa kitu kimoja.

Kikundi chetu kilikuwa cha wanawake, isipokuwa mpigaji wa ngoma kubwa, ambaye alikuwa mwanaume. Yeye alikwenda machimbo kutafuta dhahabu, akasema atarudi baada ya wiki. Alipokawia, shangazi aliniangalia mezani nikiwa nagonga ukingo wa sahani kwa vidole, akasema, "Wewe unalala nayo. Huwezi kushindwa kuipiga." Wapo waliosema msichana hakai kwenye ngoma. Shangazi aliwajibu kwamba wakimleta mwanaume anayejua, mimi nitainuka. Hawakumleta.

Niligundua jambo moja ambalo sikuwahi kumwambia mtu. Nikiwa nyuma ya ngoma, watu hawaniangalii usoni. Wanaangalia miguu ya wachezaji, wanaangalia njuga. Lakini mimi ndiye ninayewaambia miguu iende wapi. Naongea na watu wote pale, na hakuna anayenitaka nifungue mdomo.

Kisha hali ikawa ngumu.

Haikuja siku moja. Bei ya pamba ilishuka, na watu wa upande wa Bunda waliokuwa wakitualika kila msimu wakanyamaza. Mvua ilikosea. Ziwani samaki wakawa wachache, na wavuvi wa Bukima ambao zamani walikuwa wanaoza binti kwa siku tatu, sasa walikuwa wanaoza kwa mchana mmoja. Kijana mmoja wa Musoma akaanza kuzunguka na spika kwenye pikipiki yake. Anachezesha arusi nzima peke yake, hali chakula kingi, wala haleti wanawake kumi wanaotaka maji ya kuoga. Siwezi kumlaumu. Hata mimi muziki wake niliupenda.

Kuna arusi moja Bukima tuliyoalikwa wakati huo. Tulicheza vizuri sana, vumbi likapanda. Wakati wa kutunza ulipofika watu walibaki wamekaa. Nilikuwa nawaona wanaangaliana, wanagusa mifuko, wanaacha. Kisha mama mmoja wa makamo akatoka nyuma ya nyumba akicheza, ameinua bakuli juu ya kichwa. Alimfikia shangazi, akachota dagaa wakavu kwa mkono, akambandika pajini. Dagaa hawabandiki kama noti. Wengine walishika kwenye jasho, wengine wakamwingia shingoni. Watu walicheka hadi wakalia. Mama yule akafungua pindo la kanga ya shangazi, akamimina bakuli zima, na baada yake wakaja wengine na mihogo, na mayai, na sabuni ya kipande. Tulirudi nyumbani tumebeba mizigo kama waliotoka gulioni. Shangazi njia nzima alikuwa anajitoa magamba kwenye nyusi, anasema, "Nimetunzwa na ziwa leo."

Lakini mihogo haimlipii mtu nauli. Mmoja baada ya mwingine, wanakikundi waliacha kuja. Yule aliyekuwa mchezaji wetu hodari alihamia Bunda akawa anauza vitumbua stendi. Mwingine aliolewa Mugeta, akaenda kulima na kuangalia mifugo ya mume. Shangazi goti lilianza kumsumbua. Masika yaliyofuata, bati la juu ya chumba changu lilitoboka, likaanza kuvuja upande ule ule wa ngoma. Niliweka ndoo chini ya tundu, nikasogeza godoro langu kando yake, na ngoma nikaiweka pale nilipokuwa nalala mimi. Shangazi aliona. Alisimama mlangoni muda mrefu kidogo, akaenda kupika.

Simu ilikuja tukiwa tunachambua maharage. Shangazi haoni vizuri namba, akanipa nibonyeze, nikaweka spika. Ilikuwa sauti ya kijana, Kiswahili laini, kimenyooka. Alijitambulisha kuwa ndiye afisa utamaduni mpya kule Butiama, mwenyeji wa Tanga. Akamwamkia shangazi.

"Marahaba, baba. Karibu kwetu."

"Ahsante, mama. Mama, tumekaa kikao. Hali ya fedha si nzuri mwaka huu. Vikundi vya sanaa hatutaweza kuvisaidia kama zamani, fungu limekatwa."

"Tunajua, baba. Hata sisi tumekatwa."

"Lakini ngoma yenu nimeisikia sifa zake. Tumekubaliana, ngoma yenu tutaitunza. Ileteni Ijumaa, na mje mcheze kidogo, watu waione."

Shangazi alisimama na ungo wa maharage, na lile goti lake. Alipiga kigelegele nikaogopa simu itaanguka. "Tunzeni, baba! Tunzeni! Mungu awabariki!"

"Haya, mama," kijana akasema, na nilisikia kwamba amefurahi na kushangaa kidogo.

Shangazi hakumaliza maharage. Alinitaka nipige simu Bunda, kisha Mugeta. Yule wa Bunda alipokea kukiwa na kelele za makondakta.

"Ofisi ndiyo inatunza?" aliuliza. "Na noti itabandikwa na nani, mkurugenzi mwenyewe?"

"Wewe njoo," shangazi akasema. "Umejaaga maneno. Njoo na miguu."

"Nakuja. Ila mwambie mkurugenzi paji langu pana, alete noti kubwa."

Walikuja. Yule wa Bunda alifika na harufu ya mafuta ya vitumbua kwenye nguo, na yule wa Mugeta alifika na mtoto mgongoni ambaye sisi hatukuwahi kumwona. Wengine watatu wa kijijini wakajitokeza. Tulifanya mazoezi nyuma ya nyumba, mtoto amelazwa kwenye kanga kivulini. Mwanzoni miguu yao ilikuwa inachelewa. Nilipunguza mwendo nikawasubiri, kisha nikaongeza kidogo kidogo, mpaka njuga zikaanza kulia pamoja. Shangazi alikuwa amekaa kwenye kigoda kwa sababu ya goti. Aliinuka. Nadhani hiyo ndiyo siku niliyoona jinsi alivyokuwa amezeeka, kwa kuwa nilimwona kwa muda mfupi akiwa hajazeeka.

Usiku ule walipanga. Atakayetunzwa asifiche, vyote vitawekwa pamoja. Kwanza ngozi ya ngoma ndogo, maana ilipasuka. Kisha njuga. Kikibaki kitu, nauli ya yule wa Bunda, ili awe anakuja kila mwezi. Shangazi hakutaja bati lake.

Ijumaa ngoma ilipanda bodaboda yake peke yake, imefungwa kwa mpira na kufunikwa kanga. Dereva alimuuliza shangazi, "Mama, huyu abiria analipa nusu au nzima?"

"Huyo ni mkubwa kuliko wewe. Endesha taratibu."

Pale ofisini Butiama tulichezea uwani, kati ya jengo na mahali wanapoegesha pikipiki. Watumishi walitoka barazani, wengine walisimama madirishani. Mama wa kantini alitoka na mwiko mkononi. Mlinzi aliacha geti. Nilimwona afisa utamaduni kwa mara ya kwanza, kijana mwembamba, shati limechomekewa, anapiga makofi nje ya mdundo lakini kwa moyo wake wote.

Tulicheza kama tulivyokuwa tunacheza zamani. Sijui niandike nini zaidi ya hapo. Yule wa Bunda alikanyaga chini hadi kuku wa kantini wakahama. Mtoto wa Mugeta, mgongoni kwa mama yake, alikuwa anatikisika kichwa kwa kila pigo langu, macho makubwa, halii.

Ulipofika wakati wa kutunza, hakuna aliyekuja. Shangazi akaimba kwa lugha ya kwetu ule ubeti wa kuwauliza wenye nyumba wako wapi, mbona mikono yao iko mifukoni. Watumishi wanaoijua lugha walicheka na kutoa mikono mifukoni haraka. Afisa hakuelewa, akaendelea kutabasamu. Shangazi akaurudia ubeti. Kisha afisa akainua mkono, tukanyamaza tukijua sasa ndiyo sasa. Akaita vijana wawili. Walikuja na toroli.

"Samahani, dada," mmoja akaniambia, maana viganja vyangu bado vilikuwa juu ya ngozi. Wakaanza kuiinamisha.

"Mnaipeleka wapi?" shangazi akauliza.

"Ndani, mama," afisa akasema. "Chumba kiko tayari. Tutaitunza kama tulivyokubaliana."

"Mtaitunzia ndani?"

"Ndani, kwenye kabati la kioo. Nimetengenezesha."

Yule wa Bunda alikuwa anahema bado. "Kwani noti ziko kabatini?"

"Noti zipi, dada?"

Wale vijana waliacha ngoma imeinama, nusu kwenye toroli nusu kwenye mikono yangu. Mama wa kantini ndiye aliyeelewa kwanza. Alijiziba mdomo kwa mwiko.

"Jamani! Hawa wamekuja kutunzwa!"

"Ndiyo, tunaitunza," afisa akasema.

"Siyo kutunza hivyo. Kutunza!" Akajipiga pajini kwa kiganja, kama anabandika noti.

Afisa alimwangalia, akatuangalia sisi na jasho letu, na nikaona uso wake unabadilika polepole. "Kutuza," akasema. "Mlisikia kutuza. Kwetu kumpa mchezaji hela ni kutuza. Kutunza ni kuweka kitu kisiharibike."

"Huku yote ni kutunza," mlinzi akamwambia kwa upole. "Hujakosea wewe, bosi. Wala wao."

Afisa aliketi kwenye ngazi, hakujali suruali yake. Alisema kwamba tangu afike amekuwa akitafuta vikundi, na kila anapokwenda anaambiwa kilikuwepo. Aliwahi kuikuta ngoma ya watu katika hoteli moja mjini Musoma, wameifanya meza, juu yake glasi za soda. Aliuliza ni ya nani, hakuna aliyejua. "Sina fungu la kuwalipa, mama," akasema. "Fedha za vikundi zote zilikwenda kwenye mambo mengine, na siwezi kusema hayakuwa ya muhimu. Nina chumba na ufunguo. Nikasema angalau hii moja isiwe meza."

Nilitegemea shangazi akasirike. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshakasirika, kwa ndani, kama ninavyokasirikaga. Lakini yeye aliketi kwenye ngazi karibu na kijana, akanyoosha goti lake.

"Hicho chumba kina panya?"

"Hakina, mama."

"Paa linavuja?"

"Halivuji. Ni jengo jipya."

"Kwangu panavuja," shangazi akasema. Alisema taratibu, kama mtu anayemwambia daktari. "Huyu mtoto amelala na ndoo masika yote ili ngoma ikae pakavu. Wewe wa Bunda kesho unarudi kwenye karai lako. Wewe wa Mugeta, mume wako amekuruhusu siku ngapi? Mimi goti hili." Akaliangalia. "Labda ipumzike. Na mimi nipumzike."

Hakuna aliyembishia. Huo ndio uliokuwa ubaya wake, kwamba alisema kweli na kila mtu aliijua. Yule wa Mugeta akainama, akaanza kufungua njuga miguuni. Zililia kidogo moja moja zikiwekwa chini. Vijana wa toroli walisubiri.

Niliona chumba changu bila ngoma. Niliona ukuta ule, alama ya duara sakafuni pale inapokaa, na Jumamosi yenye jua na mimi sina cha kutoa nje. Niliona nimesimama kwenye arusi ya mtu kama wageni wengine, na watu wananiuliza habari, na mimi nameza mate. Kabati la kioo lingeitunza vizuri, sikuwa na shaka. Ila mimi sikujua nani angenitunza mimi.

Shangazi akageuka. "Wewe ndiye unaipigaga. Sema basi."

Watu wote wakaniangalia. Barazani, madirishani, mlinzi, mama wa kantini. Nilikuwa na maneno mengi. Nilitaka kusema kwamba ngozi isiyopigwa inasinyaa, kwamba samli lazima ipakwe na mkono unaoijua, kwamba wenzetu walichelewa lakini walikuja. Nilimeza mate. Kilichotoka ni hiki:

"Sasa nitalala na nani?"

Uwanja mzima ulicheka. Mtu dirishani aliegemea ukuta. Mama wa kantini alipunga mwiko. "Mtafutieni mume huyu, jamani!"

"Mume gani atakubali mke mwenza ngoma?" yule wa Bunda akadakia. "Tena mke mkubwa!"

Nilijifunika uso kwa kanga. Masikio yalikuwa yanawaka. Nilitamani niingie ndani ya ngoma yenyewe nijifungie. Chini ya kanga nilisikia vicheko vinapungua, na shangazi hacheki. Niliposhusha kanga alikuwa ananiangalia mimi, kama alivyoniangalia siku ile mlangoni aliponiona na ndoo.

"Kweli," akasema. "Atalala na nani." Akawageukia vijana. "Baba zangu, iacheni. Naomba mniwie radhi, mmeleta toroli bure."

Afisa aliiangalia toroli. Akatingisha kichwa kukubali, na alikuwa na huzuni. Vijana wakaisimamisha ngoma taratibu. Mimi nikaishika kwa mikono miwili, ijapokuwa ilikuwa haiangukii popote.

Mlinzi ndiye aliyeanza. "Basi ngojeni," akasema. "Hamwezi kuondoka hivyo. Hatujatunza." Akaniashiria nipige. Nikapiga polepole. Mlinzi mwenyewe akaja akicheza, mkono mmoja ameshika rungu, mwingine ameinua noti ndogo iliyochakaa, akambandika shangazi. Mama wa kantini alikimbilia jikoni, akarudi ameinua chapati. Ilikuwa ya moto. Aliipachika kwenye paji la shangazi, mafuta yakashuka puani, na shangazi akacheza nayo amekaa vile vile kwenye ngazi, shingo imenyooka isije ikaanguka. Dada mmoja wa masjala alirusha pakiti ya majani ya chai kutoka dirishani. Wengine walitoa walichokuwa nacho, na wale wasiokuwa na kitu walikuja wakacheza tu. Yule wa Mugeta alikuwa anahangaika kuzifunga tena njuga zake.

Afisa alikuja wa mwisho. Hakujua kucheza. Alibandika noti yake kwenye ngozi ya ngoma, mbele yangu, akasema kwa sauti ya chini, "Kwetu hii ni kutuza." Nilimwitikia kwa kichwa.

Kabla hatujaondoka, shangazi alimwahidi kitu cha kabati lake. Babu alipobadilisha ngozi ya ngoma zamani, ile ya kwanza haikutupwa. Shangazi alikuwa anaikalia akisali. "Hiyo imeshastaafu," alimwambia. "Hiyo itunze kwa Kiswahili chako."

Alikuja kuichukua mwenyewe, Jumamosi moja kabla ya mvua. Alikuja na bodaboda, na nyuma yake kumefungwa bati jipya, limekunjwa kidogo ncha, linapiga kelele kila pikipiki inaporuka shimo, hivyo kijiji kizima kilijua anakuja. Alieleza kwamba halikutoka kwenye fungu lolote. Watumishi walichanga. Mlinzi alituma misumari ndani ya soksi.

Jirani alipanda juu, afisa akawa anampa misumari. Kabla halijapandishwa, shangazi aliliomba. Alilishika lile bati kwa ncha mbili, kubwa kuliko yeye, akaingia nalo sebuleni akicheza kwa mguu mmoja mzuri na mmoja mbaya, hadi chumbani kwangu, akaligusisha kwenye ngozi ya ngoma kama anayebandika noti. Bati likalia, ngoma ikaitikia kidogo. Kigelegele alikipiga mwenyewe.

"Haya, mwanangu," akamwambia afisa, "hapa umetunza au umetuza?"

Kijana alijikuna shingo. "Mama, hata mimi sijui tena."

Sitaki msomaji afikiri mambo yamekaa sawa. Yule wa Bunda anakuja akipata nauli, na mara nyingi hapati. Yule wa Mugeta hatujamwona tangu mavuno, ila alituma salamu kwamba mtoto anapiga sufuria. Ngoma ndogo imepata ngozi. Kijana wa spika bado anaalikwa kuliko sisi. Afisa anapita akiwa na safari ya huku, anakunywa chai, anauliza kama kuna mahali tumealikwa, nasi tunamwambia ukweli.

Mvua ya kwanza ilinyesha mchana, nikiwa napalilia. Nilikimbia ndani nimelowa. Shangazi alikuwa amesimama chumbani kwangu katikati, anaangalia juu, mikono kiunoni. Mvua ilikuwa inapiga lile bati jipya kwa sauti ya juu kuliko mabati mengine, unaweza kujua kabisa lilipoanzia na lilipoishia. Tulisubiri pamoja. Hakuna kilichodondoka.

Shangazi akachukua ndoo, akaenda nayo jikoni. Mimi nikavuta godoro langu, nikalirudisha mahali pake, na ngoma nikairudisha ukutani, kwenye duara lake.